Siku Tuliyomfikia Mama Esha

Wenzangu wa dukani, mmeniuliza kwa zamu, kila mmoja na swali lake, huku cherehani zinanguruma na mimi sisikii vizuri. Mmoja anataka kujua kama kweli kuna watu bado wanaishi visiwa vile vya Wabajuni, ng'ambo ya mpaka. Mwingine anauliza tulikula nini. Wa tatu, naye anajijua, ameuliza tu kama nililia. Nimeona ni heri niandike, msome wakati wa chai, mniache nimalize kukunja pindo za sare za watu.

Sitaeleza habari za makaratasi wala nani alitupeleka kwa nani. Wala sitazieleza sana siku za kwanza, kwa sababu nyingi zilikuwa za kukaa tu. Lamu tulikaa tukingoja boti. Kiunga tulikaa tukingoja ruhusa. Kiamboni tulilala juu ya magunia ya unga kwa sababu bahari ilikuwa mbaya. Nitaanza siku ya mwisho, tulipotoka kisiwa cha Chula kwenda cha Chovai. Wenyeji wanasema ukipata maji mazuri na mashine nzima, unafika hata chai ya kwenye chupa haijapoa. Sisi ilituchukua kutwa.

Kwa wale mliokuja dukani juzi: mimi nimelelewa na mamangu mdogo, Mwanahawa, ambaye nyote mnamwita Mama Kheri na mimi namwita Mama tu. Aliyenizaa ni dadake mkubwa, Mwanaesha. Huyo nilikuwa nikimsikia kwa jina la Mama Esha. Nilipokuwa na miaka miwili, vita vilifika visiwani, na watu wenye bunduki wakawa wanashuka na kuchukua walichotaka na kumfanya mtu walivyotaka. Mama alikimbia na mimi hadi Mombasa, na Mama Esha akabaki Chovai. Hadithi niliyokua nayo ilikuwa fupi: jahazi lilijaa, Mama Esha akasema tangulieni, nitakuja na Bibi, yaani mama yao, kwa chombo cha pili. Chombo cha pili hakikuja. Kwa miaka mingi hatukujua kama yu hai. Kisha, miaka miwili iliyopita, mvuvi mmoja alituletea nambari ya simu. Nikapiga, na sauti ya mwanamke ikasema, "Nani?" Swali hilo lilinishinda, nikakata.

Nilipopiga tena nilijibu, na tangu hapo tukawa tunazungumza kila Ijumaa. Kuna jambo nililiona lakini sikulitia maanani. Mama hakuwahi kuongea na dadake zaidi ya salamu. Alikuwa akisema, "Dada, hujambo? Uzima? Haya, ongea na mwanao," na simu inarudi mkononi mwangu.

Chula, kabla ya kupakia

Tulilala Chula nyumbani kwa nahodha wetu, Bwana Lali, mtu wa maneno machache mwenye ndevu zilizopakwa hina. Asubuhi mkewe, Bi Amina, alituandalia anjera, ile mikate laini ya maji yenye vitundu, akaimwagia mafuta ya ufuta na sukari. Nilikuwa nimeshika ya pili mkononi wanawake walipoanza kuingia uani. Wakaketi kwenye mkeka mmoja mmoja, wakanitazama. Nikafikiri wamekuja kuamkua wageni.

Wa kwanza akaanza kunieleza habari ya kisima. Maji yamekuwa ya chumvi, na ukuta wake umeanguka upande mmoja. Nikamsikiliza, nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Wa pili akanieleza habari za mashua ya mwanawe iliyochukuliwa. Nikasikitika tena. Wa tatu akasema, "Sasa mbona huandiki?"

Kumbe walidhani mimi ni mtu wa mashirika ya misaada. Ilikuwa ni miwani, na ule mkoba wangu wenye vifuko vingi. Nikawaambia mimi ni fundi cherehani kutoka Mombasa, nakwenda Chovai kumwona mamangu. Kisha yule wa kisima akavuta leso yake mabegani, akanionyesha palipochanika, akasema, "Basi nishonee hii." Nikatoa sindano. Nilishona leso tatu na buibui moja kabla ya kupakia, na wakati ninashona niliambiwa mengi zaidi kuliko ambavyo mtu wa mashirika angeambiwa.

Nje mtu alimwuliza Bi Amina wasafiri wa leo ni wangapi. Akajibu kwa sauti, "Wachachu." Mimi nikaitazama anjera yangu, nikafikiri anasema imechacha, nikairudisha sahanini. Mama akacheka mpaka akashika kifua.

"Wachachu ni watatu," akaniambia. "Wachu wachachu. Mimi, wewe, na bibi mmoja wa Kismayu. Kula."

Nataka mjue kwamba huyu Mama mnayemjua nyinyi, anayesema Kiswahili cha Mombasa kama amezaliwa mtaa wa Kuze, tangu tulipovuka Kiunga alikuwa anasema maneno ambayo sijawahi kumsikia akiyasema. Alikuwa anayasema bila kufikiri. Nilikuwa nikimtazama kama ninamwona mtu anavua kanzu moja na ndani ana nyingine. Nikamwuliza mbona hakunifundisha. Akasema, "Ungesema na nani?"

Tulipoanza kubeba mizigo, alikaa chini ukutani. Akasema kichwa kinamwuma, hawezi bahari leo, tukae Chula siku mbili tatu. Nikampa dawa. Akasema hataki dawa. Nikamwambia Mama Esha anatungoja tangu alfajiri, nimempigia jana, amesema atakaa ufuoni. Mama akaziba uso kwa mkono. Bwana Lali alipita na dumu la petroli begani, akasimama mbele yake.

"Kichwa kitauma hata ukiwa Chula," akamwambia, akaenda zake.

Mama akainuka.

Maji ya kati

Boti ilikuwa ya faiba, ndefu, yenye mashine moja nyuma. Mbele tulipanga makatuni ya viatu vya plastiki vya yule bibi wa Kismayu, Bi Hodhan. Alikuwa mwanamke mpana, mchangamfu, umri wa Mama, na biashara yake ilikuwa ya kupeleka bidhaa Kismayu kutoka mpakani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kabisa. Alisema alikulia jirani na Wabajuni, na mpaka anaolewa hakujua kwamba mapishi ya kwao yalikuwa tofauti na ya jirani. Katika maisha yake alikuwa amekimbia mara nne. Alizihesabu kwa vidole: mara mbili kwa bahari, mara moja kwa lori, mara moja kwa miguu.

"Ya miguu ndiyo niliyonenepa zaidi," akasema, "sijui kwa nini."

Tulikwenda ndani ya miamba, bara ikiwa kushoto kwetu, kijani kizito cha mikoko, na kulia mawimbi yakivunjika mbali. Niliuliza jina la kila kitu. Bwana Lali alijibu kwa neno moja moja. Kule ni wapi? Bara. Na kile kisiwa kidogo? Jiwe. Kina jina? Ndilo hilo.

Kabla hatujafika nusu ya njia, mashine ilikohoa, ikanyamaza. Msaidizi wa nahodha, bwana mmoja aitwaye Famau, akavuta kamba mara kumi. Akafungua plagi, akaipuliza, akaifunga, akavuta tena. Mwishowe akamimina petroli kidogo kwenye chupa ya plastiki, akaiinua juani. Chini ya chupa kulikuwa na duara la maji safi, na petroli imekaa juu yake.

"Tumeuziwa bahari," akasema Famau.

Ilibidi dumu zima lichujwe. Wakatafuta kitambaa cha kufaa. Bi Hodhan akaguna, akafungua begi lake, akatoa shashi jipya la hariri la kufungia kichwa ambalo bado lilikuwa na karatasi ya dukani, akawanyooshea. Famau alilipokea kwa mikono miwili.

Lakini kuchuja dumu kwenye boti inayoyumba ni kazi ya polepole, na wakati huo maji yalikuwa yanakupwa na mkondo unatusukuma. Tulisikia tumbo la boti likikwaruza mchanga. Bwana Lali alichungulia, akatazama jua, akakunja mikono.

"Tushuke," akasema. "Tutakaa hapa mpaka maji yarudi."

Juu ya fungu

Fungu lenyewe lilikuwa mchanga mweupe, si kubwa kuliko uwanja wa shule. Kaa wadogo walikimbia mbele yetu wakaingia mashimoni. Ukitazama kaskazini, Chovai ilionekana: mstari wa kijivu, na kitu cheupe ambacho Mama alisema ni msikiti. Nilijaribu kumpigia Mama Esha simu. Mtandao haukuwepo.

Bi Hodhan alifungua mwavuli, akatuita wote wawili chini yake. Akatoa chakula, na hapa ndipo nilipojitia aibu. Alikuwa na kopo la bati lenye mafuta mazito juu yanayonukia hiliki. Akaliweka mbele ya Mama, akasema, "Chukua, litakusaidia." Mama, aliyekuwa bado anashika kichwa, alichota kwa kidole akajipaka kwenye kipaji cha uso. Nami nikamsaidia kwa kumkanda. Bi Hodhan alitutazama mpaka tulipomaliza.

"Hiki ni chakula," akasema kwa upole. "Nyama iko chini."

Ilikuwa nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo kama punje, ikakaangwa ikahifadhiwa ndani ya samli. Tuliila kwa mkate wa Bi Amina. Tamu sana, na inakaa tumboni. Mama alikula na samli inamtiririka kwenye nyusi, na kwa muda tulicheka wote watatu.

Kisha Bi Hodhan akauliza swali ambalo watu wa kule huulizana kama sisi tunavyoulizana habari za asubuhi. "Na wewe Chovai ulitoka vipi?"

Mama akaanza ile hadithi. "Jahazi lilijaa," akasema. Akaanza tena: "Jahazi lilijaa." Akatazama kile kitu cheupe kule mbele, akasema, "Halikujaa."

Nitayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Tulikuwa tumeshapanda," akasema. "Mimi na Dada, na huyu kwenye mapaja yake. Mamaetu alibaki ndani, amekataa kutoka. Dada akanipa mtoto, akasema, 'Nishikie, nakwenda kumchukua Mama.' Akashuka, akaenda. Kukasikika bunduki upande wa kaskazini. Nahodha akauliza, 'Kuna mchu amebaki?' Watu wote wakanitazama mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikasema, 'Hakuna. Twende.'"

Bi Hodhan alikuwa ameshika mwavuli wima, hakuusogeza.

"Tulipokuwa tumeshaondoka, nikamwona. Ametoka katikati ya nyumba peke yake, amesimama majini, anafanya hivi." Mama akainua mkono, kiganja kikitazama chini, akachezesha vidole. Ndivyo tunavyomwita mtu aje. "Ananiita nirudi. Na mimi nikageuza uso."

Mmeniuliza kama nililia. Hapo sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyokaa miaka yote ina chumba kimoja ambacho hajawahi kukiingia. Nilitaka kujua kila kitu. Nilimwuliza jahazi lilikuwa la nani, nani mwingine alikuwemo, Bibi alikuwa anafanya nini ndani. Mama alijibu yote. Mwisho nikauliza, "Mimi nilikuwa nalia?"

"Ulikuwa umelala," akasema. "Uliamka Kiamboni, ukauliza yuko wapi. Nikakwambia anakuja."

Baada ya hapo alisema neno ambalo nadhani alikuwa amelipanga tangu Lamu, au tangu zamani zaidi. "Leo nitamwambia mbele yako. Ukiona baada ya hapo huwezi kuniita Mama, niite Mwanahawa. Sitakasirika."

Ningepaswa kumjibu hapo hapo. Sikumjibu. Si kwa hasira, au labda hasira ilikuwepo kidogo. Nilikuwa natazama kile kiganja chake, ambacho bado kilikuwa kimeinuka kidogo juu ya goti, na nilikuwa nafikiria Mama Esha majini, nguo zimelowa, akilitazama jahazi. Bi Hodhan akanisogezea kopo la nyama.

"Mimi sikusikia kitu," akasema. "Kiswahili changu ni kidogo."

Alikuwa amezungumza Kiswahili tangu alfajiri bila kupumzika.

Maji yalirudi saa nane kwa vijito vidogo, yakijaza nyayo zetu kwanza. Famau alikuwa amemaliza kuchuja. Shashi la Bi Hodhan lilikuwa limebadilika rangi, na aliporudishiwa alilinusa, akalitupa begani kana kwamba ndiyo mitindo. Mashine iliwaka kwa mvuto wa pili. Nilimshika Mama mkono kumpandisha botini. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa jibu langu, lakini sijui kama alilisikia.

Ufuo wa Chovai

Ufuoni kulikuwa na watu kama ishirini, wengi wanawake na watoto. Kabla boti haijagusa mchanga, mwanamke mmoja mrefu aliingia majini na nguo zake zote, analia, amenyoosha mikono. Nilimwona anakuja moja kwa moja kwangu. Nikaruka. Maji yalinifika kiunoni. Nikamkumbatia, nikasema, "Mama," nikaweka uso shingoni mwake, na hapo ndipo nilipolia, kwa hiyo swali lenu limejibiwa. Nililia kwa sauti. Naye akanipigapiga mgongo, akalia pamoja nami muda mrefu.

Nilipopumua akasema, "Karibu mwanangu, karibu. Mimi ni Mwanasiti, jirani. Mamako yuko jikoni."

Ufuo mzima ulicheka. Bwana Lali, ambaye sikuwahi kumwona hata akitabasamu, aligeuka akajifanya anafunga kamba. Mwanasiti mwenyewe alicheka akinifuta machozi kwa leso yake iliyolowa, na alinieleza kwamba Mama Esha alikuja ufuoni tangu alfajiri na kigoda chake. Alikaa mpaka jua la saa sita likamshinda. Akainuka akasema, "Anayekuja anaijua njia," akarudi kupika.

Tulimuaga Bi Hodhan. Alikuwa anaendelea mpaka Kismayu na boti ile ile, na alikuwa amechelewa kwa ajili ya petroli mbovu na si kwa ajili yetu, lakini alitupa jozi mbili za viatu vya plastiki kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Akamshika Mama mkono, akamwambia jambo kwa Kisomali. Nilishangaa Mama akimjibu kwa Kisomali hicho hicho, maneno manne au matano. Sikujua kama anakijua. Nilipomwuliza walisema nini, alisema, "Ameniambia nisianze kwa salamu."

Tukapanda mjini. Nilitazama kila kitu kwa pupa. Nyumba za mawe ya matumbawe zimesimama, nyingine hazina paa na mipapai imeota ndani. Nyingine zimeezekwa upya kwa makuti na mabati pamoja. Kuku walikuwepo. Mzee mmoja alikuwa anatengeneza wavu wa nailoni huku redio ikisema Kisomali miguuni pake. Mama alitangulia haraka, akitaja majina: hapa kwa Shee, hapa kwa fundi seremala, hapa tulichezea harusi. Kisha tukafika mahali ambapo ukuta ulikuwa umeanguka ukafunga kichochoro, akasimama. Akaenda kushoto, akarudi. Akaenda kulia. Aliyeijua njia alikuwa ameipoteza. Msichana mdogo aliyekuwa anatufuata kwa udadisi akatuonyesha kwa kidevu, tukazungukia nyuma, tukatokea moja kwa moja uani kwa Mama Esha.

Jikoni

Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Nilikuwa nimemtengeneza akilini mwanamke mkubwa kwa sababu kwenye simu anazungumza kwa nguvu, na aliyekuwa ameinama juu ya chungu alikuwa na mabega membamba kama ya mtoto wa shule. Aligeuka akiwa na mwiko mkononi. Mimi nilikuwa mbele. Alinitazama mara moja, haraka, kama mtu anayetazama jua, kisha akamtazama dadake nyuma yangu.

"Umekawia," akasema.

Mama hakuketi wala hakusalimia. Alisimama mlangoni, mkoba bado begani, akasema, "Dada, nina neno. Nahodha aliuliza kama kuna mtu amebaki. Mimi ndiye niliyesema hakuna. Nilikuona umesimama majini unaniita, nikageuza uso."

Mama Esha akakoroga chungu. Akaonja kwa kiganja, akaongeza chumvi. Nilikuwa naweza kusikia makaa.

"Nani aliyekwambia nilikuwa nakuita?" akasema.

"Nilikuona. Ulifanya hivi." Mama akainua mkono.

"Nilifanya hivi," akasema Mama Esha, akaweka mwiko chini na kuinua wake. "Nilikuwa nawaambia nendeni. Mamaetu alikuwa kashajifungia kwa ndani, kakomea. Nimegonga mpaka mkono umevimba. Nikaona nikimwacha atakufa peke yake, na nyinyi mkiningoja mtakufa wote. Nikatoka nikawaambia nendeni." Akachezesha vidole. "Nikawaona mnakwenda. Nikasema, Mwanahawa ana akili, amefahamu."

Mimi nilikuwa katikati yao, nikitazama mkono mmoja kisha mwingine. Kiganja chini, vidole vikienda mbele na nyuma. Jaribuni wenyewe hapo mlipo, kisha mmoja asimame mbali, upande wa pili wa barabara. Kuita na kufukuza ni mkono ule ule. Tofauti iko mwanzoni tu, vidole vinaanza kwenda wapi, na aliye mbali hauoni mwanzo.

Mama aliketi chini palepale kizingitini. Hakulia. Alikaa kama mtu ambaye amebeba ndoo kichwani kwa muda mrefu, na hata ilipoondolewa shingo bado haijajua.

Mpaka leo sijui kama Mama Esha alisema kweli. Huenda alikuwa anawaambia waende. Huenda alikuwa anaita, na alikuwa na miaka yote hii ya kufikiria atasema nini siku dadake akija. Kesho yake nilimkuta peke yake kisimani, nikamwuliza waziwazi. Akaniangalia kwa macho yake, moja limeanza kuwa na ukungu, akasema, "Umekula?" Nikasema bado. Akasema, "Basi twende."

Lakini narudi kwenye siku ile. Nilitaka maji ya kunywa, nikasema, "Mama." Wote wawili wakajibu, "Abee." Wakatazamana. Nilimtazama Mama aliyekuwa kizingitini na samli ya Bi Hodhan bado inang'aa kwenye nyusi zake, nikasema tena, "Mama, nipe ule mkoba wenye chupa." Nilisema nikimtazama yeye, ili asikosee. Akaichukua chupa akanipa, na vidole vyake vilikaa juu ya vyangu kidogo kabla ya kuiachia. Mama Esha aliyaona yote hayo. Akageuka kupakua.

Wale mnaouliza Mama atarudi lini Mombasa, sijui. Nilipoondoka alisema nimwache kidogo. Walikuwa wanauondoa ukuta ule ulioziba kichochoro, jiwe kwa jiwe, wao wawili na Mwanasiti, wakigombana kuhusu nani alikuwa akisinzia madrasa.

Chakula cha siku ile kilikuwa wali na pweza wa nazi. Mama Esha aliweka sinia katikati, akanisogezea pande kubwa la pweza, na Mama, bila kufikiri, akalichukua akalihamisha upande wake.

"Pweza hali," akasema. "Anamwasha."

Mama Esha akasimamisha mkono hewani. "Tangu lini?"

"Tangu ana miaka minne. Alivimba midomo, nikampeleka hospitali."

"Miaka minne," akasema Mama Esha. Akasogeza sinia kando kidogo, akakaa vizuri, akakunja miguu. "Nieleze," akasema. "Anza mlipofika."

Basi Mama akaanza. Akaeleza kambi, na hema, na jinsi nilivyokataa kuvaa viatu. Akaeleza surua. Mama Esha akauliza ilinikaa siku ngapi, na kama nilipata makovu, akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga aangalie, kisha akaniachia akamgeukia tena dadake. Akauliza niliacha lini kunyonya kidole. Akauliza nilipoanza kusema, nilikuwa nasema kama nani. Akauliza wimbo gani nilikuwa nikilalia. Mama alijibu kila swali, na pale aliposahau alifumba macho mpaka akakumbuka. Hakuna aliyeniuliza mimi kitu. Nilikaa kati yao, mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, nikila wali mtupu kwa mkono huku napitishwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, mwaka kwa mwaka, na hawakuruka hata mmoja.

Ilipoadhiniwa magharibi, nilikuwa bado nina miaka saba.